Sandboxie-Plus na Microsoft Defender kwenye kompyuta moja ya nyumbani

Sandboxie-Plus ni programu ya Windows inayofungia programu nyingine ndani ya kisanduku. Kivinjari kilichofunguliwa humo kikipakua faili, faili hilo linahifadhiwa ndani ya C:\Sandbox, na Windows yenyewe haiguswi. Programu hii ilizaliwa mwaka 2004 ikiitwa Sandboxie, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa, na tangu 2020 msimbo wake uko wazi kwa wote. Inafanya kazi hata kwenye Windows Home.

Tatizo ni kwamba wengi wakishaisakinisha huzima antivirusi, na hilo ni kosa kubwa. Sandboxie haijui kirusi ni nini. Inazuia tu kisienee. Defender, antivirusi inayokuja na Windows, nayo inavijua virusi, ila kipya kabisa kinaweza kuipita. Kila moja inaziba pengo la mwenzake, mradi ziachwe zionane.

Ili kuhakikisha zinaonana, tumia EICAR, faili la majaribio lenye herufi 68 lisilo na madhara, ambalo antivirusi zote kubwa hulitambua. Lipakue kwa kivinjari kilicho ndani ya kisanduku. Defender inapaswa kupiga kelele papo hapo, na kwenye taarifa yake utaona njia inayoanza na C:\Sandbox, ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji na DefaultBox, yaani jina la kisanduku cha mwanzo. Ikikaa kimya, angalia orodha ya folda ulizoiambia isizikague. Mara nyingi C:\Sandbox imewekwa humo na mtu aliyetaka kompyuta iwe nyepesi. Iondoe. Ukilazimika kusamehe folda yoyote, iwe ile ya programu yenyewe, C:\Program Files\Sandboxie-Plus, basi.

Udhaifu unaopaswa kukunyima usingizi ni huu: kwa mipangilio ya mwanzo, kilicho kisandukuni hakiwezi kuandika nje, lakini kinaweza kusoma. Hati zako, picha zako, hata nywila zilizohifadhiwa na kivinjari, vyote vinaweza kusomwa na kutumwa kwenye intaneti. Kukifuta kisanduku baadaye hakurudishi kilichokwisha kuibwa. Kwa hiyo tengeneza visanduku viwili. Cha kwanza ni cha kivinjari. Cha pili ni cha mafaili unayoyatilia shaka: kikatie intaneti, na kwenye mipangilio ya ufikiaji wa mafaili funga folda za hati na picha. Dakika tano zinatosha, na hapa ndipo programu hii inapoonyesha thamani yake.

Antivirusi za kampuni nyingine husumbua zaidi kuliko Defender, kwa sababu nazo hujipenyeza ndani ya kila programu kama Sandboxie inavyofanya. Dalili yake ni kivinjari kinachofunguka dirisha jeupe tupu, au kinachojifunga chenyewe, hasa baada ya moja kati ya hizo mbili kusasishwa. Anza kwa kusasisha Sandboxie, kisha kubali marekebisho ya utangamano inayokupendekezea, halafu washa kompyuta upya. Na usiweke antivirusi mbili kwa pamoja.

Kujua kama dirisha liko ndani ya kisanduku, peleka kishale juu ya kichwa cha dirisha, na mpaka wa njano utatokea. Alama ya [#] kwenye kichwa usiitegemee sana, kwani vivinjari vingi vya sasa hujichorea kichwa vyenyewe. Programu zinazohitaji kusakinisha draiva (programu inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows), kama za VPN au printa, hazifai kusakinishwa humo kabisa.

Windows Sandbox, kisanduku cha Microsoft yenyewe kilichokuja na Windows 10 toleo la 1903, inatenga vizuri zaidi kwa kuwa ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Lakini haipo kwenye Windows Home, inahitaji angalau GB 4 za RAM, na kila ukiifunga inafuta kila kitu. Ni nzuri kwa kujaribu faili moja, ila kwa kuvinjari kila siku inachosha.

Linalobaki ni mlango wa kutokea. Faili likishapakuliwa, Sandboxie hukuuliza kama ulitoe nje. Usibofye kwa mazoea. Kabla ya kulitoa, lifuate ndani ya C:\Sandbox, libofye kwa kitufe cha kulia na ulikague na Defender. Lisilokuwa na haja ya kutoka, liache humo lifutwe pamoja na kisanduku.