Tailizi za poseleni 60 kwa 60: nimenunua Gerezani, Dar, nimeziweka mara mbili, haya ndo niliyoyaona

Saa tisa usiku nikasikia mlio dining, paa!, kama mtu kapiga sahani kubwa kwa nyundo. Nikaamka nikijua ni mwizi, nikawasha taa, hamna mtu, ila katikati ya dining tailizi mbili zimeinuka zimeegemeana kama paa la kibanda na ya tatu imemeguka kona. Hiyo ni Februari 2023, zina mwaka mmoja na miezi minne tu toka ziwekwe, na nilizinunua kwa hela ya kikoba ambayo nilikuwa bado naimalizia kulipa.

Kila aliyekuja kuangalia kesho yake alisema neno moja, umeuziwa feki. Sio kweli, na ndo maana naandika. Tailizi ni nzima na ni nzuri, hizohizo ndo nazikanyaga mpaka leo. Kilichoniponza ni namna zilivyowekwa, na kidogo ni mimi mwenyewe kununua bila kusoma boksi. Kwa hiyo nitasema tailizi zenyewe, duka, afu mafundi wawili, kila mmoja nimpe haki yake.

Nianze na tailizi. Ni poseleni 60 kwa 60, rangi ya krimu yenye mawingumawingu, uso wa mati (usiong'aa), boksi limeandikwa zimetoka Morbi, Gujarat, India. Siku hizi tunazo pia za hapahapa, Chalinze na Mkuranga kuna viwanda vikubwa na bei yake ni nafuu, mi nilichagua hizi kwa ajili ya rangi tu. Boksi moja lina vipande vinne, yani mita za mraba 1.44, nililipa 43,000. Sebule, dining na korido kwangu ni mita 52, ukiongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika inakuja 57 na kidogo, kwa hiyo boksi 40. Kitu ambacho sikukifikiria ni uzito, boksi moja linakaribia kilo 30, boksi 40 ni zaidi ya tani, nimefika na kirikuu moja (kale kagari kadogo ka mizigo), kijana wa kirikuu akaangalia mzigo akaniambia dada hapa labda nirudi mara mbili. Basi panga hela ya usafiri mapema, kwangu ni Goba na sio karibu na Gerezani.

Kwa nini poseleni na sio seramiki ya kawaida? Kijana wa dukani alinionyesha kitu kizuri sana na hapo nampa heshima yake. Alichukua tailizi mbili akazilaza kifudifudi, akamwaga maji kidogo kwenye mgongo wa kila moja. Ile seramiki ya ukutani, yenye mgongo mwekundu kama tofali, iliyanywa maji palepale ikabaki doa. Ile ya poseleni maji yalikaa juu kama kwenye jani la mgomba, akayafuta kwa kidole hamna alama. Ndo tofauti yenyewe, poseleni inachomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,200 mpaka udongo unafungana, na kwa kipimo cha kimataifa haitakiwi kunywa maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake. Kwa hiyo ni ngumu, ukiangusha sufuria mara nyingi inapona, doa la mafuta ya alizeti linatoka kwa sabuni tu. Nyumbani kwangu kuna watoto watatu na baiskeli inapita sebuleni, mpaka leo sijaona mkwaruzo wa maana.

Kuhusu mati na zile za kung'aa, mtu atachagua roho inavyotaka ila mi nilikuwa na mama yangu kichwani, ana miaka 71 na anatembelea fimbo. Za kung'aa zikilowa zinateleza, afu kwa vumbi letu hili kila unyayo unaonekana. Kama unazitaka sana weka sebuleni tu, bafuni na verandani usiweke kabisa, tafadhali. Bafuni nimeweka vipande vidogo 30 kwa 30 vyenye uso wa kukwaruza, vidogo ni rahisi kuvilaza kwa mteremko maji yaende kwenye tundu.

Sasa kosa la duka, na langu. Kila boksi lina maandishi pembeni, kuna namba ya bechi, yani zilizochomwa pamoja, na namba ya shedi, yani rangi ilivyotoka. Rangi ileile, jina lilelile, ila zikichomwa siku tofauti zinatoka na tofauti kidogo ya rangi na wakati mwingine hata ukubwa unazidiana milimita. Mi kati ya boksi 40 nilipewa 34 za shedi moja na 6 za nyingine, hakuna aliyeniambia na mi sikusoma. Dukani chini ya taa huoni kitu. Zimewekwa, jua la jioni limeingia kwenye mlango wa kioo, ndo naona madoadoa ya njano sebule nzima kama nguo iliyofuliwa vibaya. Nimerudi nikaambiwa mama zikishawekwa hatubadilishi. Kwa sheria yao ya duka sawa, ila muuzaji ndo anayejua zile namba, mteja wa mara ya kwanza hajui, alitakiwa aseme wakati wa kupakia. Jambo hili liliniuma.

Ndo nakuambia, ukienda kununua soma boksi moja moja kabla halijapanda gari. Afu chukua tailizi mbili uziweke uso kwa uso, kama zimepinda utaona mwanga unapita katikati au zinachezacheza kama kiti kibovu. Toka nayo nje juani uiangalie. Kijana akikununia mwache anune.

Fundi wa kwanza. Ni mtu mwema, mchapakazi, na nyumba nyingi mtaani kaweka yeye, alinichaji 6,000 kwa mita. Shida ni kwamba alijifunzia kwenye seramiki, na kila alichojua cha seramiki kwa poseleni kilikuwa kinyume. Alizizamisha kwenye pipa la maji usiku kucha. Kwa seramiki hiyo ina maana kwa sababu isipokunywa maji kwanza itanyonya maji ya saruji na saruji itakufa kabla haijashika. Poseleni haina cha kunywa, kwa hiyo inatoka pipani na utando wa maji mgongoni na ule utando ndo unazuia kushika. Afu akaziweka kwa udongo wa mchanga na saruji, madonge matano kila tailizi, manne kwenye kona na moja katikati, anagonga na mpira mpaka pimamaji inakaa sawa. Juu panapendeza. Chini kati ya donge na donge ni hewa.

Na mimi nikaongeza kosa. Aliniuliza mama tuache mstari au tuzibananishe, nikamwambia zibananishe, nilikuwa nimeona picha mahali sakafu haina mstari ikanipendeza. Basi zikabanwa ukuta kwa ukuta, hamna nafasi hata ya wembe. Mlango wangu wa kioo unaangalia magharibi, kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga dining moja kwa moja. Sakafu ikipata moto inatanuka, ikipoa inarudi, inatafuta pa kwenda haina, na kwa kuwa chini haijashika vizuri basi siku ikichoka inanyanyuka. Sio lazima iwe mchana, yangu iliachia saa tisa usiku.

Fundi wa pili nilimpata kupitia shemeji, mzee wa Buguruni, kaweka tailizi mahotelini miaka mingi. Alikuja na bisibisi tu. Akapiga magoti akaanza kugonga kwa mpini, tailizi moja moja, ko ko ko, na kipande cha chaki mkononi. Penye kushika mlio ni mfupi na mzito, pasiposhika unasikia kama unagonga mtungi mtupu. Nilikaa kwenye ngazi nikihesabu chaki, nikaacha kuhesabu zilipofika tisini. Akaniita, "Mama, njoo uone." Akanyanyua moja kwa patasi, ikatoka nzima, mgongo wake safi kama sahani iliyooshwa, madonge matano yamebaki chini sakafuni na alama za mgongo wa tailizi zimechoreka juu yake. Akapitisha kidole mgongoni kikatoka na unga mweupe. Akaniambia huo ni unga wa kiwandani wanapaka ili tailizi isigande kwenye tanuri, unatakiwa ufutwe, haukufutwa. Nilitokwa na machozi pale, sio kwa ajili ya hela tu, ile sakafu nilikuwa naipiga deki kila asubuhi kwa furaha.

Nafuu iliyokuwepo ni kwamba kwa kuwa hazikushika, nyingi zilitoka nzima, vipande 124. Alizipanga zote nje uani juani, siku nzima anazitazama akitenga mafungu mawili, shedi hii huku na hii kule. Nilirudi dukani nikitafuta bechi yangu, yule kijana alitafuta kwenye rundo kama saa nzima akaniambia ukweli kwamba haipo na haitarudi, angeweza kuniuzia inayofananafanana ila hakufanya hivo. Nikanunua boksi saba za kijivu kwa ajili ya korido peke yake, ikawa kama nimepanga tokea mwanzo. Zile za shedi ya njano mzee akazilaza upande wa ukuta wa tivii, chini ya kabati na masofa.

Kazi yake ilivyoenda. Alibomoa madonge yote, akapiga flowa upya, ile sakafu ya saruji ya chini, akaiacha ikauke vizuri. Hakutumia saruji ya kukorogea, alitaka gundi ya tailizi ya mfuko wa kilo 20, na sio gundi yoyote, akaniandikia kwenye karatasi nitafute mfuko ulioandikwa C2, kwa sababu ile ya C1 nguvu yake ni ndogo na kwa tailizi isiyokunywa maji hataki kubahatisha. Mfuko mmoja unakwenda kama mita nne, tulitumia 13, kila mmoja 17,000. Anapaka gundi chini kwa mwiko wa meno, meno yote mstari mmoja sio kuzungusha, afu anapaka nyembamba mgongoni mwa tailizi pia, ndo analaza na kuisogezasogeza. Kila baada ya kumi hivi ananyanyua moja kuangalia kama mgongo wote umeshika gundi. Nilimwona akinyanyua moja karibu na mlango, kona imebaki kavu saizi ya kiganja, akaikwangua yote akaanza upya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kati ya tailizi na tailizi akaweka misalaba ya milimita 3 ya kuachia nafasi, kila mahali, na kando ya kuta zote akaacha nafasi ya kidole kidogo, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, ikaja ikaificha. Groti ya krimu, ya kujazia ile mistari, baada ya siku moja, na akanikataza asidi ya chooni kwenye kusafisha saruji, inakula groti. Kwa milimita 3 ule mstari niliouogopa hata hauonekani vibaya, groti ikiwa rangi moja na tailizi macho yanazoea siku mbili. Alinichaji 10,000 kwa mita na 150,000 ya kubomoa. Ukijumlisha gundi na boksi za korido nimetumia kama milioni 1.2, saruji na mchanga wa flowa mbali, kurekebisha kitu ambacho mara ya kwanza ingetosha kuongeza kama laki nne na ushee, gundi na ile tofauti ya ufundi. Mtu akikuambia gundi ni ghali, mpigie hiyo hesabu.

Kwa hiyo maksi zangu. Tailizi za poseleni zenyewe tano kwa tano, ningenunua tena kesho. Duka tatu, wangepata nne kama wangesema habari ya shedi, ila yule kijana wa maji na ukweli wake aliniheshimu na nimempelekea wateja wawili. Fundi wa kwanza simtaji na sina kinyongo, nilimwita aje aone kazi ya mzee, alikuja, alikaa nusu siku akiuliza maswali, na nasikia siku hizi haweki poseleni bila gundi. Fundi wa pili tano.

Wiki moja baada ya kumaliza mzee alirudi bila kuitwa, na bisibisi yake na chaki. Aligonga sebule nzima, akaweka alama kwenye nne. Mi nilisikia zinalia sawa na zingine. Akazitoa, akazirudishia, hakutaka hata shilingi. Imepita miaka zaidi ya miwili, Februari mbili zimepita na jua lilelile la saa tisa, hakuna iliyonyanyuka. Vipande vilivyobaki nimevirudisha kwenye boksi lake nikaliweka stoo, upande wenye namba umeangalia mlangoni.