Kufuli ya baiskeli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Baiskeli yangu ya kwanza hapa Kisumu iliondoka mchana kweupe. Niliifunga kwenye nguzo ya kibanda, nikaingia kula samaki, na nilipotoka nikakuta kipande cha kebo chini, kimekatwa kama sabuni ya mche. Nilikipeleka kwa fundi wangu mtaani Kondele. Akakichuna ganda kwa kisu: plastiki nene kama kidole, na ndani yake nyaya zisizozidi unene wa njiti ya kiberiti. "Mwalimu," akasema, "hapa ulinunua plastiki."

Tangu siku hiyo nimenunua na kujaribu kufuli nyingi. Naanza na iliyo bora.

Ya kwanza ni kufuli ya umbo la U. Ni chuma kimoja kisichopinda, kwa hiyo mwizi hapati pa kukikunja wala kukivuta. Chagua yenye unene wa milimita 13 au zaidi, maana mkasi wa kukatia chuma unaofichika ndani ya koti huishindwa. Grainda, mashine ya kukatia chuma, huikata, ndiyo, lakini kwa kelele na cheche, na katikati ya mji watu watauliza. Usivutiwe na kubwa. Nafasi inayobaki ndani ya U ndiyo mahali pa kuingiza jeki au bomba la kupanulia, kwa hiyo ndogo ndiyo salama. Kasoro yake ni kwamba haizunguki mti wala nguzo nene, na mji wetu una vyuma vichache vya kuegeshea baiskeli.

Uangalie na ufunguo. Mwaka 2004 kule Marekani ilijulikana kwamba kufuli za Kryptonite, jina kubwa kabisa, zilizotumia ufunguo wa mviringo kama bomba zingeweza kufunguliwa kwa ganda la kalamu ya Bic. Kampuni ililazimika kuzibadilisha. Ukiona ufunguo wa namna hiyo kwenye kufuli ya bei ya chini, rudisha. Chukua yenye ufunguo bapa.

Ya pili ni mnyororo wa chuma kilichokomazwa, pete za milimita 10, umevishwa kitambaa usikwaruze rangi. Ni mzito, kuubeba kutwa nzima ni adhabu. Mimi nauacha nyumbani, unafunga baiskeli usiku kwenye grili ya varanda. Usiuache ulale chini: mwizi huweka mkono mmoja wa mkasi sakafuni na kukanyaga mwingine kwa uzito wa mwili wote. Ufunge juu, ukiwa umekaza.

Ya tatu ndiyo wengi wetu tunayonunua: mnyororo wa kukatiwa kwa mita dukani, pamoja na kufuli ya kawaida. Si mbaya, ila nenda na tupa, ile ya kunolea panga, mfukoni. Omba ruhusa, kisha piga tupa pembeni mwa pete. Ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kimekomazwa. Iking'ata na kuacha mstari unaong'aa, hicho ni chuma laini cha kufungia ng'ombe. Fanya vivyo hivyo kwenye upinde wa kufuli, hata kama umepigwa mhuri wa "hardened". Mhuri haugharimu kitu. Wauzaji wengine watanuna. Hamia duka la pili.

Ya nne ni ile pete ya gurudumu la nyuma ambayo baiskeli nyingi za Black Mamba huja nayo. Wasambaza mkate wanaipenda kwa sababu ni kubonyeza tu. Kwa dakika mbili dukani inatosha. Zaidi ya hapo kumbuka kwamba haifungi baiskeli popote: baiskeli haiendesheki, lakini hubebeka begani, au juu ya pikipiki.

Ya mwisho ni kebo, za namba zikiwemo. Nunua ukiwa tayari na mojawapo ya hizo za juu, uitumie kushikilia gurudumu la mbele.

Hizi baiskeli za mtumba kutoka Ulaya zina kishikio cha kufungua gurudumu bila spana. Mwambie fundi akuwekee nati. Na kufuli ipite ndani ya fremu, sio kwenye gurudumu la mbele peke yake, la sivyo utarudi ukute gurudumu limekusubiri.

Vumbi na mvua za huku huua tundu la ufunguo. Tone la mafuta ya cherehani mara moja kwa mwezi linatosha. Grisi hukusanya vumbi ikawa tope.

Kabla hujalala leo, pindua baiskeli uipige picha namba iliyo chini ya fremu, pale pedeli zinapoungana, uihifadhi pamoja na risiti. Nilipokwenda kuandikisha wizi ule kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, askari aliniuliza namba ya fremu kwanza. Nilichoweza kumwambia ni kwamba ilikuwa ya bluu.