Turubai gani ununue Arusha na Moshi, kuanzia la uhakika mpaka la kubahatisha

Ukiulizia turubai dukani utaletewa lolote, la plastiki la bluu, la lori, kanvasi ya pamba, na muuzaji atakuapia yote hayapitishi maji. Usimsikilize sana, jiulize kwanza unafunika nini.

Namba 1 ni la PVC, lile la malori. Hilo ukipata hela chukua macho yamefumba. Katikati lina wavu wa nyuzi za polista na pande zote mbili limepakwa plastiki nzito, ndo maana likitoboka halichaniki lote. Uliza gramu kwa mita ya mraba, la lori la kweli linacheza gramu 600 mpaka 900, chini ya hapo hilo ni la kufunikia matofali. Halafu kagua maungio, yawe yamechomwa kwa moto sio kushonwa tu, maana kila tundu la sindano ni njia ya maji. Ubaya wake halipumui, ukifunika mahindi hayajakauka vizuri yanatoka jasho humo ndani na ukungu unaanza, kesho unalia na sumukuvu.

Namba 2, kanvasi yenyewe, ya pamba au pamba na polista. Mahema mengi ya kambi za safari yanayoshonwa hapa Arusha ni ya hii, na kama ni mtu atalala humo mimi naichagua kuliko PVC bila ubishi, kwasababu inapitisha hewa. Ikiwa mpya imwagie maji uiache ikauke kabla hujaanza kuitumia, uzi wa pamba ukilowa unavimba unaziba vitundu vya mshono. Na jamani usiikunje mbichi, hasa masika ya Machi mpaka Mei, siku chache tu inaota madoa meusi, sabuni haifui kitu hapo. Bei yake imechangamka, ujue kabisa. (Ya kuchorea picha usiifikirie kabisa, ile ni ya ukutani.)

Namba 3, PVC lililotumika, lililoshushwa kwenye lori. Bei poa, ila mwambie muuzaji alitandaze lote juani, mmoja ashike upande ule na wewe ingia chini uangalie juu, vitundu vyote utaviona vinang'aa kama nyota. Pia kunja kona kwa nguvu, ikipasuka plastiki imechoka, achana nalo.

La mwisho ni la bluu jepesi, lile limefumwa kama kiroba. Kuanikia mahindi au maharage linatosha sana, mama zangu wa Moshi wanalijua hilo, na kwa shughuli ya siku moja poa tu. Ila kuezekea banda sahau, jua linalila mpaka linaanza kudondosha vipande vipande, na vile vyuma vya kupitishia kamba vinang'oka upepo wa kwanza. Ukilinunua chukua lenye kamba iliyoshonewa ndani ya pindo, na lipime kwa futi mbele ya muuzaji, mara nyingi vipimo vya kwenye karatasi vimezidishwa.