Breki na nguvu za Spacio yangu: nilichotengeneza Dodoma baada ya mlima Nyang'olo kunitia adabu

Spacio yangu, ile ya Toyota, niliinunua nikitafuta gari la kubeba watoto watatu na mama yao bila kubanana, na kwa hilo sina kesi nayo. Injini ni ile ndogo ya lita moja na nusu, 1NZ, mbele ina diski, nyuma ina madramu. Nakaa Nkuhungu, nafundisha fizikia sekondari, na kwa miaka miwili safari zangu zilikuwa shuleni, Sabasaba, Majengo na kanisani. Dodoma mjini ni tambarare. Ukikanyaga breki gari linasimama, basi mtu unaamini una breki.

Nilichokuwa nalalamikia ni nguvu. Ukitoka kuelekea Morogoro, ukakuta malori ya kwenda au kutoka Rwanda na Burundi yamejipanga kwenye vipanda vya Gairo, unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliondoki. Sehemu ya lawama ni ya hewa yenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (ile pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo zile nguvu za farasi 109 za kwenye karatasi, hapa kwetu toa kama moja ya kumi kabla hata hujawasha. Hilo nililijua. Bado nikaenda kutupa hela.

Nilinunua chujio la hewa la koni, lile jekundu linalokaa wazi juu ya injini, shilingi 85,000. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto, maana gari lilianza kunguruma. Fundi wangu akaliendesha hadi Kizota na kurudi, akazima, akaniambia, "Ticha, hii ni ngoma, siyo nguvu." Alikuwa sahihi. Koni inavuta hewa ya moto iliyokaa kwenye boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, ile ile shida ya mlimani umejiletea mwenyewe. Halafu vumbi la Dodoma la mwezi wa tisa halina utani. Baada ya wiki tatu nilipitisha kidole ndani ya bomba la hewa kikatoka na unga mwekundu. Nikarudisha boksi la zamani. Koni ipo stoo mpaka leo, anayetaka aje achukue.

Sasa breki.

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda Iringa kumchukua mama mkwe. Kabla ya safari nilibadilisha pedi za mbele kwenye duka moja hapa mjini, shilingi 28,000, boksi linang'aa, stika ya kung'aa juu yake. Muuzaji akaniapia ni orijino. Kwenda hakukuwa na neno, kwa sababu kwenda ni kupanda. Kurudi tulikuwa watu wazima watatu, watoto watatu, gunia la viazi na ndoo mbili za mama ambazo sikuruhusiwa kuuliza zina nini.

Wanaoijua barabara ya Iringa hadi Dodoma wanajua Nyang'olo. Kona juu ya kona, unashuka, huku bonde likionekana chini. Mimi nilishuka na D, ile gia ya kawaida ya otomatiki, mguu kwenye breki, kama mtu anayeshuka kilima cha Chimwaga. Kona ya tano au ya sita mama mkwe akasema taratibu kutoka kiti cha nyuma, "Baba, humu kuna nguo inaungua?" Sikumjibu, kwa sababu wakati huo huo pedali ilianza kulainika. Kona iliyofuata ilishuka nusu. Iliyofuata ikagusa zulia. Nikashusha gia hadi L, ya chini kabisa, injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaliegesha pembeni palipokuwa na nafasi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mke wangu hakusema kitu, na heri angesema.

Niliporudi kazini nililikokotoa jambo lile ubaoni na kidato cha nne. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500. Maji ya Bwawa la Mtera, huko chini njiani, yakijaa yanafika mita 698.5. Mteremko wote ni zaidi ya mita 800. Gari na mzigo wake tuseme kilo 1,600. Zidisha na mvutano wa dunia, unapata joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Kweli sehemu kubwa inabebwa na upepo, matairi na injini, na mteremko haupo mahali pamoja. Lakini kinachobaki kinaingia kwenye diski mbili nyembamba na pedi nne. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka sana.

Gereji niliyokwenda sitaitaja jina, siyo kwa ubaya, ni ya chini ya mti tu na haina jina. Fundi alifungua kikopo cha mafuta ya breki akaniita nione: meusi kama chai ya rangi iliyolala. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la familia alijue. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, mwaka hadi mwaka. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanywa maji kiwango chao cha chini ni 140. DOT 4 mapya ni 230, yakiwa na maji 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inakwenda chini bila kushika. Ukiona pedali ni ngumu lakini gari halisimami, hapo pedi ndizo zimepata joto zikateleza. Mimi nilikuwa na yote mawili, maana Mungu hakunionea.

DOT 4 inachanganyika na DOT 3 bila shida, kwa hiyo tulisukuma ya zamani yote ikatoka, tukatoa upepo gurudumu moja moja kuanzia lililo mbali zaidi na masta, ile pampu ya breki. Chupa mbili, 24,000. Ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyofanya, na nikilazimishwa kuchagua kimoja tu nitachagua hicho. Angalizo: DOT 5 siyo mdogo wake DOT 4, ile ni ya silikoni, usiichanganye. Iliyo jamii moja ni DOT 5.1. Nani aliyeamua kuzipa majina hayo, sijui alikuwa anamkomoa nani.

Pedi. Zile za 28,000 zilipotolewa zilikuwa zimepasuka na ukingo umekuwa kama mkaa. Fundi akazigeuza mgongoni: hazina maandishi yoyote. Pedi nzuri huwa na mstari wa herufi na namba, na mwishoni herufi mbili kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza ushikaji wake ikiwa na joto dogo, ya pili ikiwa na joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni zaidi ya hapo. Ukikuta FE maana yake ikipata moto inapungua kushika, na huko mlimani ndiko ilikokuwa inahitajika. Nilichukua FF za keramiki, 70,000. Herufi hizo hazizuii mtu kughushi, lakini pedi isiyo nazo kabisa mimi sinunui tena hata nikipewa bure.

Diski zangu zilikuwa zimekwisha. Kila diski ina unene wa mwisho umechongwa pembeni, "MIN TH" na namba ya milimita. Pima kwa kalipa ya fundi, yaani kile kifaa cha kupimia unene, siyo kwa jicho. Muuzaji alitaka kunipa zenye matundu na mifereji, akasema ndizo za spoti. Zinapendeza, sikatai. Lakini kwa gari la kubeba watoto matundu yanapunguza chuma cha kubebea joto, na yale ya bei rahisi hupasuka kuanzia kwenye tundu. Nilichukua za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati, jozi 170,000. Jamaa mmoja pale gereji alinishauri nifunge kalipa kubwa (vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski) za gari lingine. Rimu zangu ni inchi 14, kalipa ile isingeingia, na hata ingeingia, breki za mbele zikizidi sana za nyuma umeharibu uwiano ambao wahandisi waliupima. Tukaachana na hilo.

Nyuma ndiko watu wanakosahau. Shuu, zile pedi za ndani ya dramu, zilikuwa zimeisha upande mmoja na kile kijigurudumu cha kujirekebisha ndani ya dramu kimeshika kutu. Shuu mpya 45,000, kijigurudumu kikasafishwa, na pedali ikapanda juu palepale kabla hata ya kitu kingine. Hendibreki ilikuwa inapanda hadi karibu na kifua, sasa inashika mapema. Pini za kalipa mbele zilikuwa zimekauka, ndiyo sababu gurudumu la kushoto peke yake lilitoa moshi. Grisi yake maalumu na mipira 20,000. Ufundi wote 60,000. Jumla ya breki: 389,000.

Lawama ndogo kwa fundi wangu: alifunga nati za magurudumu kwa kuruka juu ya spana. Toyota wanataka kama 103 Nm, na ukizifunga ovyo, moja imekaza nyingine imelegea, diski mpya inaanza kutetema baada ya muda. Nilimwomba azifungue tukafunga upya kwa zamu, kwa mkono, kwa msalaba. Alinuna.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Jumapili alfajiri nilichukua barabara ya Singida kuelekea Bahi, kweupe hakuna gari, nikafika 60, nikapunguza kwa nguvu hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, kisha nikaendesha taratibu zipoe. Mara tatu za mwanzo zilinuka. Ya nane ukigusa tu mkanda unakushika begani.

Kabla sijasifia sana, niseme kuhusu matairi, kwa sababu breki zinasimamisha gurudumu na tairi ndilo linasimamisha gari. Yangu yalikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri tu, nikayaamini. Fundi akanionyesha namba nne za mwisho baada ya neno DOT: 3211. Wiki ya 32, mwaka 2011. Mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule. Manne mapya 160,000 kila moja, na hapo ndipo mfuko ulipolia kweli. Kwa tairi zuri kwenye lami kavu, kutoka mwendo wa 80 unahitaji kama mita 36 kusimama. Lakini sekunde moja tu ya kushtuka kabla hujakanyaga imeshakula mita 22. Na ukitoka 50 ukafika 100, umbali wa breki peke yake hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Hii nayo nimeifundisha miaka kumi na mmoja bila kuiamini.

Nguvu nayo ilipatikana, kwa njia ya kuchosha isiyo na kelele. Chujio la kawaida la karatasi jipya, 18,000. Plagi nne, 88,000. Za zamani zilikuwa zimeliwa. Throto, ule mlango wa hewa ya injini, ilisafishwa kwa dawa ya kopo, 15,000, ikatoka masizi ya ajabu. Oili ya gia boksi lita nne, 64,000, ile ile iliyotajwa kwenye kijiti cha kupimia, siyo ile muuzaji anayosema inafanana. Ufundi 20,000. Kisha nikatoa buti: jeki ya pili, dumu la maji, matofali mawili ambayo hakuna aliyekiri kuyaweka. Gari linaitika kwenye mafuta mapema zaidi na gia haishtuki tena. Kwa hesabu yangu ya tangi hadi tangi nimetoka kilomita 11 kwa lita hadi 13 na kidogo njia kuu. Malori ya Gairo bado nayasubiri yanyooke, ila sasa nikitoka natoka.

Pasaka tulimrudisha mama. Kwenda nilibeba zabibu, kurudi viazi tena. Nyang'olo nilishuka kwa 2, kona kali L, breki nikizikanyaga kwa muda mfupi kwa nguvu na kuziachia, badala ya kuziburuza. Pedali ilikuwa palepale chini kama ilivyokuwa juu. Sitasema ni vifaa tu. Safari ya kwanza ningeshusha gia huenda hata zile pedi za 28,000 zingenifikisha Mtera. Tulisimama kununua samaki, nikainama kunusa magurudumu, mchuuzi akaniuliza natafuta nini.

Kasoro zilizobaki: asubuhi ya baridi, ukirudi nyuma kutoka getini, pedi za keramiki zinapiga mluzi mara mbili tatu ndipo zinanyamaza, na mbwa wa jirani amezoea kuujibu. Shokapu za nyuma nazo zimechoka, gari likibeba gunia linainama kama linasujudu. Hizo nasubiri mshahara wa mwezi wa saba.