Miezi 18 na Intune: simu za madereva wetu wa safari, Arusha

Niseme mapema nisije nikalaumiwa: mimi si mtaalamu wa usalama wa mitandao. Ni mtu wa ofisi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, yule anayeitwa printa ikigoma, na kwa kosa hilohilo la kujua printa nikakabidhiwa vifaa vya wafanyakazi wote, na baadaye Intune, programu ya Microsoft ya kuvisimamia kutoka mbali. Vifaa jumla 34. Simu 16 za Samsung wanazotembea nazo madereva (ambao kwetu ndio waongoza watalii), laptopu 9, na 9 zilizobaki ni simu za watu binafsi wanaosomea humo barua pepe za kazi.

Kilichotutoa usingizini ni fomu kutoka kwa wakala wetu mmoja wa Ujerumani. Katikati ya maswali mengi kulikuwa na hili: nakala za pasipoti za wageni zinakaa wapi, na nani anaweza kuzifungua? Jibu la kweli lilikuwa la aibu. Zinakaa WhatsApp, kwenye simu ya kila dereva aliyewahi kumbeba mgeni, tangu siku simu iliponunuliwa. Ofisi inatuma pasipoti, namba ya ndege na kale kaujumbe ka "mama ana kisukari, mtoto hali karanga", dereva anapokea, gari linaondoka. Hakuna anayefuta. Wakati huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kutumika, tangu tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kisukari cha mama wa watu kilikuwa kinazunguka mtaa wa Ngarenaro kwenye mfuko wa suruali.

Tukachukua Microsoft Intune. Sitadanganya kwamba tulilinganisha sana; barua pepe zetu zilikuwa tayari huko Microsoft, basi tukaendelea na tuliyemzoea. Kazi yake kwa ufupi: unaingia kwenye ukurasa wa mtandaoni, unaweka masharti (urefu wa namba ya siri, programu zinazoruhusiwa, kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo), simu na laptopu zinayafuata zenyewe. Hakuna seva ya kuweka chini ya ngazi pale ofisini, na kwa umeme wetu huu, hilo peke yake nililipenda.

Bei ya orodha tulipoanza ilikuwa dola 8 kwa mtu kwa mwezi ukichukua Intune tupu, au dola 22 ukichukua kifurushi cha Business Premium ambacho Intune imo ndani pamoja na barua pepe na mengine. Wanahesabu mtu, si kifaa, kwa hiyo mwenye simu na laptopu analipiwa mara moja. Aliyetuuzia leseni, ambaye simtaji, alitaka kila mtu hadi dereva awekwe kwenye ile ya 22, "ili iwe rahisi". Rahisi kwake. Madereva tukawaweka kwenye 8. Gharama ambayo hakunitajia kabisa ni ya laptopu: nne zetu zilikuwa na Windows Home, toleo la matumizi ya nyumbani, ambalo halikubali kuunganishwa kikamilifu na akaunti ya ofisi, ikabidi zote zipandishwe kuwa toleo la Pro. Mkihesabu bajeti, anzieni hapo.

Siku ya kuandikisha simu tuliagiza chai na vitumbua, tukakaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Simu iliyokwisha kutumika lazima kwanza irudishwe kama ilivyotoka dukani. Kisha kwenye kile kioo cha kukaribisha, unagonga mahali pamoja mara sita, kamera inafunguka, unaielekezea QR iliyo kwenye laptopu, na simu inaanza kujijenga yenyewe. Mara ya kwanza kusoma hayo maelezo nilidhani ni utani. Nikagonga mara tano, kimya. Ya sita ikaitika.

Ugumu ulikuwa kwa watu. Dereva wetu mkubwa kuliko wote, mzee aliyeanza kuendesha wageni mimi niko shule ya msingi, aliiweka simu mezani akakunja mikono.

"Mdogo wangu, sema ukweli. Mnataka kujua mimi nalala wapi?"

Nikamwambia mzee ukweli, na nafikiri ndio ulioniokoa. Kwenye simu ya kampuni, ndiyo, kuna kitufe cha kutafuta simu ilipo, naweza kukibonyeza. Ila kila ninachobonyeza kinaandikwa kwenye kumbukumbu na jina langu, na bosi anaweza kuisoma. Kuhusu ujumbe wake, picha zake, watu aliowapigia, Intune hainionyeshi. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Lakini siku ukibonyeza, nipigie kwanza." Hiyo imekuwa kanuni yetu mpaka leo. Bosi aliwahi kuniomba, wiki mbili tu baadaye, nimwangalizie dereva fulani kama kweli amelala Karatu. Nikamwambia ampigie simu.

Kwenye simu za watu binafsi mambo ni tofauti, na hapo ndipo programu ilipoupata moyo wangu. Inatumia kile Android wanachokiita profaili ya kazi: simu inagawanywa vyumba viwili. Programu za kazi zina alama ya kibegi kidogo, nyingine zinabaki kama zilivyokuwa. Mimi naona chumba cha kibegi tu. Sioni mahali simu ilipo, na hata namba ya simu ya mwenyewe naletewa tarakimu nne za mwisho. Mtu akiacha kazi, nabonyeza "Retire", chumba cha kibegi kinatoweka, picha za harusi ya dada yake zinabaki. Dada wa mapokezi aliyeondoka Machi alikuwa amesimama mbele yangu wakati nafanya hivyo. Akafungua picha zake, akazipitia, akaondoka ametulia.

Sasa niseme nilipoharibu mwenyewe. Kuna sharti unaloweza kuweka: mtu akikosea namba ya siri mara kadhaa, simu inajifuta. Kwa ujuaji wangu nikaweka mara tano. Dereva mmoja kijana akarudi kutoka mbugani Ndutu mwezi wa pili, siku saba kwenye nyumbu wanaozaa, na kule Ndutu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo hakuna picha hata moja iliyokuwa imepanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Amefika nyumbani usiku, ameweka simu kwenye kochi, ameenda kuoga. Mwanawe wa miaka minne akaichukua. Unajua mtoto na tarakimu. Alipotoka bafuni simu ilikuwa inamsalimia kwa lugha kumi kama ndiyo imetoka kwenye boksi. Duma na watoto watano, ambao alikuwa ameahidi kuwatumia wageni wake, wakaenda. Asubuhi hakunigombeza, alinyamaza tu, na hilo liliniuma zaidi. Nikapandisha hadi mara kumi, na nikaweka utaratibu kwamba gari likiingia yadi, kabla ya kuoshwa, simu inaunganishwa na waifai ya ofisi mpaka picha zote zipande.

Hilo la mtandao lielewe vizuri kabla hujanunua. Amri yoyote unayotuma kutoka ofisini inasubiri simu ishike mtandao. Dereva akiwa Serengeti, simu inaweza kukaa siku nzima haijaongea na mtu. Kwa kawaida kifaa hupewa siku 30 za kutoonekana kabla hakijahesabiwa kuwa kimekiuka masharti. Watu wanaopenda kukaza (nawajua, nilikuwa mmojawao) wanaweza kupunguza, lakini kwa kazi ya porini waachane na hilo. Wenzetu wa tawi la Moshi wanaopandisha wageni Kilimanjaro wana nafuu ya kuchekesha: tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipofika kambi ya Horombo, mita 3,720, simu zao zinajibu kutoka mlimani mapema kuliko za kwetu kutoka mbugani.

Upande wa laptopu sina maneno mengi, inafanya kazi. Diski zote zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, na funguo za dharura zinahifadhiwa mtandaoni. Nilizidharau hizo funguo mpaka asubuhi moja laptopu ya mhasibu wa Moshi ilipowaka na kioo cha bluu kinachodai ufunguo, siku ya mishahara. Ufunguo una tarakimu 48. Nilimsomea kwa simu, sita sita, mara nane. "Nne moja sita…" "Nne saba?" "Moja, dada, moja!" Tulipomaliza koo limekauka, lakini mishahara ilitoka.

Na sasa kuhusu lile jambo ambalo kila mtu huninunulia soda nimsimulie: simu ikiibiwa.

Jumanne moja yule mzee alikuwa stendi kumpokea ndugu yake. Simu ikatoka mfukoni bila yeye kujua. Akaazima simu ya mtu, akanipigia: "Mdogo wangu, leo bonyeza." Nikabonyeza kutafuta. Hakuna. Nikabonyeza kufuta. Pembeni yake ikaandikwa kwamba amri inasubiri. Ikasubiri Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Aliyeichukua alikuwa ameizima na laini ameitoa. Kumbe ndio ukweli ambao muuza leseni hausemi: kile kitufe cha kufuta ni cha kujifariji. Kilichozilinda pasipoti za watu siku zote hizo ni vitu viwili visivyo na mbwembwe, ile namba ya siri ya tarakimu sita waliyoilalamikia na data kusimbwa. Faida nyingine ni ndogo lakini polisi waliipenda: IMEI, ile namba ya utambulisho wa kila simu, ilikuwa kwenye ukurasa wangu. Jaribu kumuuliza mtu IMEI ya simu ambayo haiko tena mkononi mwake ndiyo utaelewa.

Jumamosi ikapigwa namba ya ofisi. Fundi simu, hapo hapo mjini. Ameletewa simu aiflashi, yaani aifute na kuiwekea mfumo upya, ameiwasha, kwenye kioo kumeandikwa ni mali ya kampuni fulani, ukiiokota piga namba hii. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe siku ya vitumbua, kwenye sehemu ya ujumbe wa kioo cha kufuli, zaidi kwa sababu nafasi ilikuwa tupu. Fundi hakutaka kesi. Tulimpelekea asante yake, akatupa simu, habari ya aliyeileta hakuisema na sisi hatukumbana.

Jumatatu mzee akaja ofisini. Akaishika simu, akaipangusa kwa shati, akaweka namba yake ya siri. Ikafunguka. Picha za wajukuu zote zipo, akanionyesha mmoja mmoja kwa majina. Mimi natabasamu, naye anatabasamu, na juu ya kioo naona kialama cha waifai ya ofisi kinajaa. Hapo ndipo nilipokumbuka ile amri ya Jumanne.

Sikuwahi kusema neno. Simu ikazima mikononi mwake, ikawaka, ikaanza kumsalimia kwa lugha kumi.

Aliitazama muda mrefu. Picha zilikuwa zimeshapanda yadi wiki iliyopita, nikawahi kumwambia hivyo, lakini sijui kama alinisikia. Akavuta kiti, akagonga kioo, nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini mpaka sita, kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete hiyo QR yako."