Semina ya usawa kazini iliyotufuata mpaka yadini Kurasini, nawapa nyota nne

Wadau wa rasilimali watu na yeyote anayetafuta watu wa kufundisha usawa na ujumuishi kazini hapa Dar, naandika hii kwa sababu mwaka jana mi nilitafuta maoni ya namna hii nikakosa, nikaingia kichwa kichwa, hela ya kampuni ikaenda na watu wakarudi kazini vilevile walivyoondoka. Mwaka huu tumepata wengine, wadada wawili wana kaofisi Mikocheni na wanatembea na mkalimani wa lugha ya alama. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitasema imeenda wapi. Jina lao natuma inboksi kwa anayehitaji, wenyewe wameomba hivyo maana wako wachache na hawataki kubeba kazi kuliko mikono yao.

Sisi ni watu wa kliaringi na fowadingi, yaani tunawatolea wateja mizigo bandarini na kuisafirisha, tuko Kurasini, jumla 64: madereva wa masemi, vijana wa stoo, watu wa nyaraka wanaoshinda bandarini, uhasibu na ofisi. Ni watu mchanganyiko kweli, kuna wazee wana miaka 20 barabarani na kuna watoto wametoka chuo juzi.

Nianze na ile ya mwaka jana ili muelewe kwa nini hii nimeipenda. Ile ilikuwa hoteli moja Posta, kiyoyozi cha kugandisha, slaidi zote Kiingereza, na mtoa mada alitumia karibu saa nzima kwenye habari ya Starbucks ya Marekani. Habari yenyewe ni ya kweli na inauma, vijana wawili weusi walikamatwa Philadelphia Aprili 2018 wakiwa wamekaa tu wanamsubiri mtu, kampuni ikafunga maduka zaidi ya 8,000 mchana wa tarehe 29 Mei ili wafanyakazi wafundishwe. Sawa. Lakini mzee wetu anayepeleka kontena Tunduma, anayekaa Mbagala, hakuna aliyemuuliza yeye kazini kwake nani anadharauliwa na kwa lipi. Alafu semina ilikuwa Ijumaa, ikapitiliza mpaka saa nane mchana bila kusimama, na nusu ya madereva wetu ni Waislamu. Watu wakawa wanatoka mmoja mmoja kwenda kuswali wameinama kama wezi, kwenye semina ya ujumuishi jamani. Wengi walikaa kwa ajili ya posho, na siwalaumu.

Hawa wa mwaka huu mwezeshaji mkuu alikuja yadini mara mbili kabla ya semina. Mara ya kwanza alikaa pale getini kwenye benchi na madereva akanywa chai, akiwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, hakutoa hata karatasi. Mara ya pili akaja kwangu akaniomba vitu ambavyo sikutegemea: nani kapandishwa cheo miaka mitatu iliyopita, nani anapewa safari ndefu na nani anazungushwa hapa hapa mjini, nani alienda likizo ya uzazi akarudi kwenye nafasi ipi. Kwa watu wa malori safari ndefu ndiyo hela, posho ya njia ndiyo inajenga nyumba. Nilipomtolea orodha tukaona wote wawili, dada yetu mmoja tuliye naye kwenye udereva kwa mwaka mzima hajapewa Tunduma hata mara moja. Hakuna aliyeandika kwamba asipewe. Ilikuwa inatokea tu, na mi mwenyewe nasaini zile ratiba kila wiki.

Semina ilikuwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, palepale kwetu chini ya banda la kuoshea magari, Kiswahili mwanzo mwisho. Walikataa watu walazimishwe isipokuwa mameneja. Bosi alishangaa, mwezeshaji akamwambia kuna wanasosiolojia wa Marekani, Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliochambua takwimu za makampuni zaidi ya 800 wakaandika 2016 kwamba mafunzo ya kushurutishwa mara nyingi hayaleti mabadiliko na wengine yanawafanya wakaze shingo zaidi, kinachosaidia ni mambo kama wakubwa kuwashika mkono wadogo kikazi na kuwa na kamati ya kufuatilia. Siku ya kwanza tulikuwa 38, siku ya pili 51, maana stori zilishazunguka yadi nzima.

Sasa sehemu iliyonigusa ni ya utani. Mnajua ilivyo, ukianza kuongelea makabila kazini mtu anakwambia acha hizo, huo ni utani tu. Na utani ni mali yetu kweli, Mchaga na Mpare, Mzaramo na Mnyamwezi, mtani wako anakuja msibani kwenu anakutania mpaka unacheka na machozi yanatoka, huwezi kumwambia Mtanzania aache utani. Mwezeshaji hakusema tuache. Aliuliza tu nani hapa kataniwa wiki hii. Dereva mmoja Mpare akanyoosha mkono, akasema bosi kila akija na wateja anamuita bahili, anawaambia huyu mafuta ya gari analala nayo. Watu wakacheka, bosi mwenyewe Mchaga akacheka, ni watani kabisa wale. Mwezeshaji akamuuliza yule kaka, "Na wewe ukiwa mbele ya wateja unamjibu nini?"

Kimya.

Yule kaka akaangalia kofia yake mkononi, akasema, "Mimi namjibuje bosi, dada?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mwezeshaji akasema utani ni wa kurushiana, kama mmoja anarusha na mwenzie amefungwa mikono hiyo ni kitu kingine, akaacha hapo wala hakumuhubiria mtu. Bosi alikaa dakika kama mbili hivi alafu akasimama akasema, "Ndugu yangu, sikuwa nimeiona hivyo, naomba unisamehe." Mbele ya watu wote. Mi niko na huyu mzee mwaka wa tisa sijawahi kumsikia akisema hilo neno. Kama semina ingeishia pale hela ningeona imerudi.

Kijana wetu wa stoo ni kiziwi. Mwaka jana alikaa siku nzima hotelini akiangalia ukuta. Safari hii mkalimani alianza akiwa amesimama upande wa uwazi wa banda, jua lipo mgongoni kwake, uso wote giza, mikono haionekani vizuri. Kijana akapunga mkono. Mwezeshaji akakata sentensi katikati, akamuuliza kupitia mkalimani akae wapi, viti vyote vikageuzwa nusu duara, ilichukua dakika tano na watu wote wakasaidia kubeba. Baada ya pale kijana aliongea mara nne, na wenzie wengi ndiyo mara ya kwanza wanajua ana maoni kuhusu mpangilio wa stoo, na maoni yenyewe ya maana, tumeshahamisha shelfu mbili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye watu 20 kwenda juu angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sisi 64 piga hesabu, ni wawili. Tunaye mmoja. Hilo limeingia kwenye mpango wa ajira wa mwaka huu.

Kwenye sheria walikuwa wazuri na hawakuchosha. Walisoma kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza ubaguzi wa rangi, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine, na hapo hapo kinamtaka mwajiri awe na mpango wa fursa sawa aliousajili kwa Kamishna wa Kazi. Nikauliza wenzangu wa makampuni ya jirani kama wameusajili, wengi wananiangalia tu. Meneja wetu mmoja akasema mbona hata Marekani wameshaachana na haya mambo, akimaanisha zile amri za Trump za Januari 2025 za kufuta hizi programu kwenye ofisi za serikali yao. Mwezeshaji akamjibu kwa upole kwamba hiyo ni ya kwao, hii ya 2004 imetungwa na Bunge letu na ipo mpaka leo. Nilipenda.

Alafu kuna la kunyonyesha. Sheria hiyo hiyo inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Dada mmoja wa uhasibu alisimama akasema yeye amekamulia maziwa chooni miezi mitano, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, huku watu wanagonga mlango. Nilikuwa namuona kila siku nikijua ana tumbo linamsumbua. Kile chumba cha mafaili ya zamani tumekitoa mafaili, tumeweka pazia, kiti cha mgongo na kafriji kadogo. Kilichukua siku moja kuandaa, siku moja tu, miezi yote ile.

Sasa hiyo nyota moja. Mkalimani alikuja peke yake, na ile kazi inataka wawili wa kupokezana, ilipofika Jumatano mchana mikono ilishachoka na kijana wetu alipoteza vitu vingi vya mwisho. Ripoti waliahidi wiki moja ikaja baada ya tatu, nikawa napiga simu kama nadai kodi. Na sehemu ya unyanyasaji wa kingono waliipitia haraka mno, nusu saa kabla ya chakula, wakati ndiyo jambo ambalo wadada wetu wa nyaraka wanakutana nalo nje huko kila siku. Walikiri na wamekubali kurudi nusu siku kwa hilo bila malipo.

Bei ilikuwa shilingi 2,400,000 kwa siku mbili pamoja na mkalimani na ufuatiliaji baada ya miezi mitatu, chakula juu yetu. Wa hoteli walikula zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ukiongea nao waambie mapema kama una zamu za usiku, na waombe waje kukaa na watu wako kabla, usiruke hiyo hatua hata kama bosi ana haraka, ndiyo semina yenyewe ile.

Kuna moja sio kosa lao. Siku ya kwanza walituuliza, walinzi na dada wa usafi mbona hawapo? Tukajibu wale ni wa kampuni nyingine, wameletwa tu kwa mkataba. Mlinzi wetu wa getini akawa anasikiliza kwa mbali siku zote mbili, anafungua geti anarudi kusimama karibu na nguzo. Nimeandika barua kwa bosi na kwa kampuni yao kwamba kwenye ile nusu siku waitwe na wao, na walipwe masaa hayo. Bosi ameshasaini, kampuni yao bado hawajajibu, kesho asubuhi nawafuata ofisini kwao.