Maven Shade: uzoefu wangu wa kufungasha huduma za Java kwenye faili moja

Nyota nne. Ni mwaka wa tatu huu nafungasha huduma ndogondogo za Java kwa Maven Shade, programu-jalizi ya Maven (chombo cha kujengea miradi ya Java), ingawa wiki ya kwanza nusura niitupe. Kazi yake ni kufumua klasi zako (vipande vya msimbo wa Java) na maktaba zote ambazo klasi hizo zinazitegemea, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, kisha kuzishona upya ziwe JAR moja, yaani faili moja la kifurushi cha Java. Unaipandisha kwenye seva, unaandika java -jar, basi. Hakuna habari ya kusimika kwanza Tomcat, ile programu ya seva ya kuendeshea huduma za Java.

Kilichonitoa jasho ni huko kufumua. Huduma yangu ilikuwa inasoma hifadhidata ya PostgreSQL na kuandika ya MySQL, kila moja kwa draiva yake, yaani maktaba inayoiunganisha Java na hifadhidata. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri tu. Kufika kwenye seva ikanitemea "No suitable driver found". Nikafungua JAR, nikaziona draiva zote mbili zimetulia humo! Kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba namtafuta mchawi. Kumbe kila draiva huja na kijifaili chenye jina lilelile, META-INF/services/java.sql.Driver, kinachoiambia Java iite klasi gani. Kila draiva ikiwa kwenye JAR yake, hakuna ugomvi. Zikiwekwa chumba kimoja, kijifaili kimoja hubaki na kingine hupotea. Kosa lilikuwa langu: sikuweka ServicesResourceTransformer, mpangilio wa Shade ambao huviunganisha vijifaili hivyo. Mistari mitatu ya XML, usiku mzima umekwenda.

Ukitumia maktaba zilizotiwa saini, kama Bouncy Castle ya usimbaji fiche, toa mafaili ya saini, .SF, .DSA na .RSA, yaliyo ndani ya folda ya META-INF, la sivyo Java itaona saini hailingani na yaliyomo na kugoma kuwaka. Na minimizeJar, mpangilio wa kupunguza JAR, isikutamanishe. Ni kweli inapunguza uzito, lakini hukata klasi zisizotajwa waziwazi kwenye msimbo, na draiva ni za kwanza kuondoka.

Kilichonifanya nisihame ni uwezo wa kubadilisha majina ya vifurushi. Maktaba mbili zilitaka matoleo tofauti ya Guava, maktaba ya Google. Nikaifungasha moja peke yake kwenye moduli yake, com.google.common, kifurushi cha Guava, ikapewa jina jipya, na tangu siku hiyo hazijagombana. Programu-jalizi ya Spring Boot, mfumo mwingine wa kutengenezea huduma za Java, haina jambo hilo. Yenyewe haifumui kitu. Huzipanga JAR nzimanzima ndani ya BOOT-INF/lib, kwa hiyo kisa changu cha draiva kisingetokea huko. Kama mradi wako ni wa Spring, baki nayo.

Nyota ya tano imekwama kwenye uzito. JAR yangu ina MB 38, na msimbo nilioandika mwenyewe haufiki hata MB moja. Nikirekebisha herufi moja, zote 38 zinapanda upya. Marekebisho madogo siku hizi nayaacha hadi nipate bando la usiku.